Mche Uliotupwa

Katika chama cha wapanda okidi walimwita Jicho. Mchana alikuwa fundi miwani, mtu wa kawaida mwenye duka dogo, lakini msimu wa maonyesho ulipofika alitembea kifua mbele. Akikubali ua, limekubalika. Akilikunjia uso, mwenyewe hulibeba kurudi nalo kwake kimyakimya.

Mwaka ule waamuzi walikuwa watatu: yeye, mfamasia mstaafu, na mhadhiri mmoja wa kike wa mambo ya mimea. Vyungu vilipangwa mezani kwa namba tu, bila majina. Wakapita wakinong'ona, mpaka wakafika kwenye okidi moja ya zambarau yenye mishipa myeupe. Jicho akasimama. Petali zilikuwa bapa, za mviringo kama kisosi, na mdomo wa ua rangi ya kiini cha yai. Shina lilibeba maua yake yote yakitazama upande mmoja, hakuna lililoziba lingine.

Mhadhiri alikiri ni zuri, ila akawa na wasiwasi kama lingefaa kuzalishia. Jicho akambana kwa hoja: rangi imefika hadi ukingoni bila kufifia, petali nene, shina halijipindi, mmea wa namna hiyo ukichavushwa watoto wake hawatamwaibisha mtu. Wakakubaliana. Zawadi ya kwanza.

Jioni namba ikasomwa, na aliyeinuka kuja mbele alikuwa mke wake.

Makofi yalianza vizuri, kisha yakapungua. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka, akasema kumbe mambo ya ndani ya nyumba. Mke hakusikia. Alimfikia mumewe uso umemng'aa, akamnong'oneza, "Ni ule mche wako ulioutupa jalalani, baba watoto. Niliuokota nikauweka dirishani kwenye chumba changu cha kushonea. Nilitaka nikushtue."

Jicho akaukumbuka. Aliuzalisha mwenyewe, akauvumilia miaka, na ulipochanua mara ya kwanza ulitoa ua moja lililokunjamana, naye akaung'oa kwa hasira. Yeye, aliyekuwa akiwafundisha wenzake kwamba ua la kwanza halihukumiwi! Mwenyekiti alikuwa akimtazama, na ukumbi mzima unasubiri. Akachukua kipaza sauti. Akasema mmea ule uliletwa bila yeye kujua, na mtu wa nyumbani asiyeelewa taratibu, hivyo anaomba zawadi ifutwe.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakamsifu kwa uadilifu. Mkewe alibaki amekumbatia chungu, akitafuta pa kukitua.

Nyumbani mkewe akarudisha okidi dirishani, akaketi kwenye cherehani, akashona kama siku yoyote. Jicho alisimama mlangoni. Makofi yale yalikuwa bado yanamchoma masikio. Alitaka kusema samahani, lakini kilichotoka ni kumuuliza kwa nini hakumwambia mapema.

"Nilimuuliza katibu, akasema inaruhusiwa, mradi wewe hujui," akajibu bila kuinua macho. "Taratibu nilizijua. Wewe ndiye uliyeshindwa kusema uliutupa."

Siku zilizofuata kila mteja aliyeingia dukani kumpongeza alimfanya ainamishe kichwa na kujifanya anafuta lenzi.

Mkutano wa chama ulipofika aliomba nafasi ya kuzungumza. Akaeleza kwamba mche ule aliutupa yeye, kwa kuhukumu ua la kwanza. Kwamba mkewe hakuvunja utaratibu wowote. Kwamba alimtoa kafara mbele za watu ili jina lake libaki safi. Akajiuzulu kuwa mwamuzi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mfamasia alikohoa, mwenyekiti akapitia karatasi zake. Wakaamua kumrudishia mke wa Jicho zawadi yake, na katibu akatumwa kuipeleka. Mke aliipokea kwa adabu, akaiweka kwenye droo ya vitambaa. Chamani hakukanyaga tena.

Okidi ilipochanua tena, mhadhiri alipiga simu akiomba chavua akajaribu kuzalisha. Hakumpigia Jicho. Alipofika, akina mama wale wawili wakainama dirishani, mmoja ameshika kijiti chembamba, mwingine ameliegemeza ua kwa vidole, wakiongea na kucheka.

Jicho alikuwa sebuleni, amekaa na gazeti asilolisoma.

"Baba watoto," mkewe akaita, "mletee mgeni kiti."

Akakipeleka. Akakiweka karibu na dirisha, macho yakamponyoka yakaenda kwenye petali, akayarudisha haraka. Hakuna aliyemwambia abaki wala atoke. Akatoka, akauegesha mlango taratibu asije akawakatiza.