Michoro Sitini na Miwili

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mizizi, kwa kuwa alifundisha baiolojia na hakutaka mtu akariri jambo bila kujua limetoka wapi. Mumewe alikuwa mchoraji wa mabango. Kwa miaka mitatu alimchorea mkewe moyo, figo, jicho, mzizi wa haragwe. Michoro sitini na miwili. Mwalimu aliipiga picha mmoja mmoja, akaipandisha kwenye programu ya masomo ya shule, kisha akazifuta picha kwenye simu yake ili apate nafasi. Paa lilipovuja karatasi zikaoza, hawakuhangaika. Picha si zipo? Kisha mume akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa.

Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu alitaka kulificha somo lake kwa muda, arekebishe maswali. Pembeni palikuwa na alama mbili za kijivu, ndogo kama punje za mtama, zimebanana: Ficha na Futa. Akabonyeza. Programu ikauliza, "Una uhakika?" Iliuliza hivyo kwa kila kitu, hata ukisahihisha herufi moja, kwa hiyo kidole kilishazoea kujibu Ndiyo kabla jicho halijasoma.

Somo zima likatoweka, pamoja na michoro yote.

Alimkimbilia fundi wa kompyuta wa shule. "Lirudishe, mdogo wangu. Nakuomba."

Fundi alihangaika mpaka kengele ya mchana ikalia. "Dada, programu hii haina pipa la taka. Kilichofutwa ndiyo kimekwenda hivyo."

"Na nakala ya akiba?"

"Ya mwisho ilichukuliwa kabla hujaweka hata mchoro mmoja."

Nyumbani, mumewe akamuuliza kwa ule ulimi wake mzito, "Watoto wanaupenda moyo?"

"Wanaupenda sana, mume wangu." Akainuka kuosha vyombo.

Darasani akachora mwenyewe. Figo zikatoka kama viatu. Wanafunzi walicheka, naye akacheka, kisha akageukia ubao wasimwone machozi. Aliwasihi watafute kwenye simu zao michoro waliyokuwa wameihifadhi. Ikapatikana michoro kumi na mmoja.

Alipolalamika, kampuni iliyotengeneza programu ikamtuma binti mmoja. "Shikamoo, mwalimu," alisema, akamfungulia somo tupu. "Naomba ulifiche hili, kama siku ile."

Mwalimu akajikaza, akabonyeza. Likafutika tena.

"Umeona? Mimi ni mzembe tu."

"Hapana, mama. Nimekaa na walimu tisa, watano wamefuta. Alama hizo niliziweka mimi."

Mwalimu alimtazama. Alitafuta hasira moyoni, akakuta uchovu mtupu.

Mtihani ulipokwisha, Futa ilikuwa imehamishwa mbali na Ficha, imeandikwa kwa neno zima. Sasa programu ilitaja kitakachopotea, na kilichofutwa kilikaa pipani siku thelathini. Walimu wenzake wakamkumbatia. "Umetuokoa, jamani!" Akaenda chooni, akafungua bomba, akalia.

Siku hiyo ndipo alipomwambia mumewe ukweli. Mume aliuinua mkono uliokufa kwa ule mzima, akauweka mapajani.

"Ule moyo," akasema, "vali moja, kile kilango cha damu, niliichora kinyume. Nikaona aibu kukwambia."

Kisha akageukia ukutani. Mkewe akabaki ukingoni mwa kitanda hata chai aliyomletea ikapoa, asijue kama amesamehewa.