Chai ya sukari, mafuta ya sangara na taipureta ya mama: soma kabla hujapaka mafuta keyboard yako

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Hili sijawahi kumwambia hata mke wangu, na sitaongeza chumvi.

Juzi jamaa aliuliza humu: keyboard yake ya mechanical imemwagikiwa soda, button zinanata, afanyeje. Mmoja akamjibu, "Paka mafuta kidogo, itateleza."

Niliweka simu chini. Nikakumbuka Bunda.

Ilikuwa enzi za ruksa. Sukari imerudi madukani, na sisi tuliokuwaga tunakunywa uji wa chumvi tukawa tunajaza vijiko vinne bila aibu.

Mama alikuwa mpiga taipu wa ushirika. Ushirika ulipokufa aliondoka na taipureta moja kuukuu. Akaweka meza barazani, jirani na mahakama, akawa anaandikia watu rufaa. Mimi nimemaliza form four, nasubiri matokeo, nazurura tu.

Jumatatu akaja Mzee Magesa wa Guta. Ameshindwa kesi ya shamba, na humo ndani yamo makaburi ya wazazi wake na wanawe wawili. Mwisho wa rufaa Ijumaa. Karani hapokei iliyoandikwa kwa mkono.

"Mama Masatu, usiniangushe."

"Mzee wangu, Alhamisi njoo na dole gumba lako tu."

Jumanne mama akaenda msibani Kiabakari. Nikakaa kwenye kiti chake nachapa jina langu, chai pembeni. Kiwiko kikagonga kikombe. Yote ikaingia kwenye mashine.

Nilifuta kwa kanga. Lakini sukari ilipokauka, vyuma vya herufi vikaanza kunata. Ukibonyeza kinapanda, hakishuki.

Mafuta ya cherehani hatukuwa nayo. Kilichokuwepo, kama kwa kila jirani kipindi kile, ni chupa ya mafuta ya sangara ya kukaangia. Nikamimina.

Wakuu, iliteleza! Nikajiona fundi.

Mama alirudi jioni, akanusa. "Nani kakaanga samaki hapa?"

"Jirani," nikasema.

Jumatano akachapa ukurasa mmoja na nusu. Mchana, kwa lile jua na vumbi la barabarani, mafuta yalishikana na sukari yakawa gundi. Herufi zikasimama juu kama mikono ya watoto darasani. Mama akazirudisha moja moja kwa kidole. Zikasimama tena.

Alhamisi alfajiri tulipanda basi la Musoma, taipureta mapajani mwangu, kwa Fundi Athumani wa cherehani na taipureta. Akafungua, akaona majani ya chai, akanusa.

"Dada, hii mmeleta nitengeneze au tule na ugali?"

Mama hakucheka. Fundi akanitazama mimi. "Nailoweka kwenye mafuta ya taa. Jumamosi asubuhi. Nikiharakisha navunja vyuma. Mngeileta jana, kesho asubuhi mngeondoka nayo."

Mama akazunguka ofisi mbili kuomba kuazima mashine. Moja haina utepe. Nyingine wakamwambia arudi Jumatatu. Tukalala kwa shangazi siku mbili, Ijumaa ikapita.

Jumamosi mashine ilikuwa nzima kabisa. Tulipofika nyumbani, Mzee Magesa yuko barazani. Jirani alisema alikuwa anakuja tangu Alhamisi, na kuku wa shukrani kwapani. Ijumaa alikaa mpaka mahakama ikafungwa.

Mama akapiga goti. "Mzee wangu, ni mimi. Niliimwagia mashine chai."

Mzee akaangalia dole gumba lake. "Basi," akasema. Akaondoka, kuku akamwacha.

Mama hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Yule kuku hakumchinja. Alikufa mwenyewe, kwa uzee.

Msimu uliofuata makaburi yalilimwa pamba. Nilipita kule mara moja nikaona. Toka hapo sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili.

Kwa hiyo jamaa wa keyboard: chomoa waya, ng'oa vitufe, safisha kwa spirit, acha ikauke siku mbili. Sukari huoshwa, haipakwi mafuta. Na kama si yako, mwambie mwenyewe leo leo. Mimi nilikuwa na Jumanne nzima.

Wajuzi ongezeni mnayoyajua. Na kama humu kuna mtu wa Guta anayejua walipo wajukuu wa Mzee Magesa, tafadhali andika hapa chini. Mama alishafariki, na bado wanajua ni yeye aliyemwaga ile chai.