Tundu la Sindano ya Kofia

Saa moja asubuhi, Hafidh Mjaka amelala chali chini ya usukani wa gari nyeupe, uwanjani kwa Bi Mwanabaraka, Wambaa. Miguu tu ndiyo inayoonekana. Betri ameshaifungua. Anachomoa plagi ya kompyuta ya gari, anagusisha mita na kusikiliza.

Mita inalia. Waya huo mzima. Anashika mwingine.

Gari hii ndiyo inayowapeleka wajawazito hospitali. Wanakijiji wanaiita "machela". Wiki tatu sasa inazima njiani bila ya sababu. Mara ya mwisho ilizima na mama mwenye uchungu ndani, akamaliziwa safari kwa gari ya samaki.

Fundi wa kwanza alisema kompyuta imekufa, mpya ni milioni moja na laki mbili. Bi Mwanabaraka, mwenye gari, hana. Amempata mnunuzi wa vyuma chakavu, anakuja leo adhuhuri.

"Hafidh mwanangu, usinipambie maneno. Kama imekufa sema, tuisomee hitima."

"Bado inapumua, Bi. Nipe muda."

Hafidh, 41, mkaazi wa Jadida, Wete, ana miaka kumi na tisa katika umeme wa magari. Siku njema hupata elfu thelathini. "Siku nyengine narudi na vumbi tu," anasema.

Waya wa kumi na nne, unaotoka kwenye sensa, kihisio cha injini, unalia vizuri. Anautikisa. Mita inanyamaza.

Anaufuata hadi kwenye injini, anabandua utepe. Pana kitundu kama cha kuchomwa na mwiba, na ndani yake shaba imekuwa unga wa kijani.

"Bi Mwanabaraka, tundu hili langu."

Miaka miwili nyuma aliipima gari hii kwa sindano ya kushonea kofia, ya mkewe Suhaila. Sindano ilipenya waya upesi, taa ya kupimia ikawaka, kazi ikaisha. Lakini tundu hakuliziba, na hewa ya chumvi ya Wambaa ikaingia ikaila shaba.

Bi Mwanabaraka anamtazama.

"Basi kompyuta nzima?"

"Nzima kabisa."

"Alhamdulillah! Na ungenyamaza, nani angejua?"

"Mola angejua. Leo sichukui pesa."

"Nauli utachukua. Usiniletee ubishi."

Anakata kipande kilichooza, anaunga kwa risasi ya kulehemu, anafunga utepe, anarudisha plagi na betri. Injini inawaka. Anatikisa waya kwa nguvu, injini haistuki. Bi Mwanabaraka anampigia simu mnunuzi: "Yakhe, usije. Mgonjwa kainuka."

Hafidh amekusudia kununua vibanio vya kupimia visivyotoboa waya. Na kuanzia Jumamosi atayapitia magari yote aliyoyachoma sindano, azibe matundu kabla hayajamzimia mtu njiani.

Anampigia mkewe. "Suhaila, sindano yako nakurejeshea."

"Ipi? Mie zimenipotea saba!"

Hafidh anacheka, kisha anaanza kuyahesabu magari kwa vidole.