Yussuf Kwenye Mkono wa Asya

Nyie mshahadithiwa habari ya harusi ya Mtambile na watu walioitia chumvi, basi bora muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika, maana hata bila chumvi inatosha.

Mie nachora hina, hilo mnalijua, na mdomo wangu pia mnaujua: hapa Madungu kila mtu nilikuwa namwambia kwamba mie siigi picha za simu, maua yangu yanatoka kichwani, nimerithi kwa bibi yangu (bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza maandazi). Ukweli ni kwamba kila nikiitwa kazini naandika kwenye simu "hina ya bibi harusi", picha zinamiminika, napandisha kidole, napandisha tena, mikono ya Kihindi, mikono ya Kiarabu, mpaka jicho likwame mahali.

Siku ya Asya, bibi harusi wa huko Mtambile, jicho lilikwama kwenye ua moja la mgongo wa kiganja, lina mizabibu inayozunguka mpaka kwenye kifundo, lo, zuri. Nikailaza simu pajani chini ya mtandio, nikawa nafunua nachungulia nachora, na Asya nikamwambia asiangalie mpaka ikauke, ndiyo mila (mila hiyo niliitunga palepale). Kiganjani nikamfichia jina la bwana harusi, Hamad, kama wanavyopenda siku hizi. Nilipomaliza nikaifunga ile picha bila kuihifadhi, nisije nikakutwa na ushahidi.

Kesho yake, kabla ya nikaha, wakaja wanawake wa upande wa Hamad kumwangalia bibi harusi, wakiongozwa na shangazi yake, Bi Salma, mwalimu wa madrasa. Yeye ndiye aliyelitafuta jina. Alipoliona Hamad kiganjani vigelegele vikapigwa, na mie nikajitengeneza mtandio nisifiwe. Kisha akaugeuza mkono ili aone na upande wa pili, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Asya, mwanangu," akasema, "huyu Yussuf ni nani?"

Ile mizabibu, jamani, ilikuwa maandishi ya Kiarabu yaliyosukwa. Picha ilipigwa kutoka upande wa pili, kwa hiyo mie nililichora jina juu chini, nikidhani ni kikonyo na majani. Na balaa zaidi, Mtambile nzima inajua kwamba Yussuf mmoja wa hapohapo alipeleka posa kwa Asya mwanzo, akarudishwa. Asya akaanza kulia, hata kujitetea hawezi, mama yake akakaa chini, na upande wa Hamad wakaanza kuvaa mabuibui yao.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nikimwangalia yule mtoto nikaona harusi inavunjika kwa ajili ya mdomo wangu, nikasema, "Bi Salma, hilo nimeliandika mie bila kujua. Nimeiga picha ya simu."

"Si wasema wewe huigi?"

"Nasema uongo, Bi Salma."

Akataka aione hiyo picha. Nikaandika maneno yaleyale, zikaja picha nyingine kabisa, nikapandisha kidole mpaka kikachoka, kila mkono ni mzuri na hakuna hata mmoja ulio wangu, na wanawake wote wamenisimamia kichwani. Bi Salma akaichukua simu atafute mwenyewe. Alipogusa pale pa kuandikia, yakashuka yote niliyowahi kuyatafuta, naye akayasoma kwa sauti ya darasani: hina rahisi ya haraka, hina ya kuficha makosa, jinsi ya kushika koni ya hina. Hapo hata mama yake Asya, na machozi yake, alicheka.

Dada yake Hamad ndiye aliyetuokoa. Akasema kutafuta kwa maneno hakufai, tuupige picha huo mkono wenyewe kisha tuiambie simu itafute unaofanana nao. Tukangoja, mtandao wa Mtambile nao ukatia madaha yake, mwisho ukaja: bibi harusi wa nchi sijui gani, ua lilelile, mizabibu ileile, na Yussuf wake halali. Bi Salma akailinganisha na mkono wa Asya kidole kwa kidole, kisha akaubusu ule mkono, akamwomba radhi. Mabuibui yakavuliwa.

Mie nikaambiwa nimfute Yussuf. Hina haifutiki, kwa hiyo ilibidi nimfunike kwa piko, ile rangi nyeusi, na simu ameishika Bi Salma, nyumba nzima inaniangalia. Nikachora jani. Likawa nene, likainama upande, limekaa kama jani la mgomba lililopigwa na upepo.

Asya akaliangalia. "Hili ndilo la kichwani kwako?"

Nikamwambia ndilo.

"Basi, dada, rudi tu kwenye simu."

Na nimerudi. Lakini sasa simu naiweka juu ya mkeka, kila mtu aione, na kila picha naigeuza pande zote nne kabla sijashika koni. Bibi yangu simtaji tena.