Jina Lililokatazwa Nyumbani

Juzi vijana wawili walipita hapa Bonga na mabegi makubwa mgongoni, mahema yamefungwa juu, wanakwenda kulala porini. Moyo ulinipiga.

Baba yangu, Bura, naye alikuwa akienda hivyo milimani kuwinda pongo, mgongoni kabeba ngozi ya kulalia, unga na chumvi. Safari moja, nilipokuwa mtoto, alikawia. Mchana mmoja mama alikuwa akikaanga mahindi, moshi unatuwasha macho, akaingia jirani yetu Mama Safari.

"Mama Martina, Bura bado tu?" akamuuliza mama.

"Wee! Funga mdomo! Hilo jina halitajwi humu."

Nikaganda. Mdogo wangu Yakobo alipozikwa, jina lake nalo lilikatazwa nyumbani. Basi nikajua baba amekufa na mimi nafichwa. Nilijibanza nyuma ya ghala, meno yanagongana na jua lote lile. Njiwa walilia mtini, nikaona wanamlilia yeye.

Sikujua kwamba mwindaji akiwa porini jina lake halitajwi, wanyama wasije wakalisikia wakamgeukia.

Jua lilipoinama, mbwa wa baba, aliyekwenda naye, akaingia peke yake. Nikapiga ukelele. Kumbe baba alikuwa nyuma, anatokea kwenye shamba la mahindi, amekonda, paja la pongo begani. Nilimtazama mama nikidhani atanicheka. Mama alisema, "Bura," polepole, kisha akaketi vumbini, anatetemeka kuliko mimi.