Picha Iliyobandikwa Juu ya Sauti ya Baba

Mama ndiye aliyeibandika picha. Wiki ya msiba wa baba, nyumba yetu ya Nyakabiga, hapa Bujumbura, ilipojaa watu na viti vya kuazima, aliogopa kwamba CD pekee yenye sauti ya mumewe ingechukuliwa kwa bahati mbaya pamoja na CD za kwaya. Akakata uso wa baba kwenye kadi iliyogawiwa kanisani siku ya mazishi, akaupaka gundi ya karatasi, akaubandika juu ya CD, pembeni kidogo ya tundu la katikati. Mtaani kwetu kila mtu hufanya hivyo. CD ya harusi hubandikwa maharusi, ya ubatizo hubandikwa mtoto. Hakuna aliyeona kosa, hata mimi, ingawa kaka yangu husema mimi huona kosa hata katika sala ya chakula.

Miezi ikapita na siku ya kuganduka ikakaribia, siku ambayo familia huvunja matanga mbele ya watu na wafiwa huruhusiwa kurudi katika maisha ya kawaida. Nilikuwa nimeshauliza maswali yangu yote kuhusu siku hiyo. Nani aliamua kwamba huzuni ina tarehe ya kumalizika? Na asiyekuwa amemaliza je? Shangazi alinijibu kwamba nyumba isiyoganduka haiwezi kuoza binti, nami nikamwambia kwamba binti wa nyumba hii ni mimi na sina haraka. Aliguna na kuendelea kuchambua mchele.

Jumatano ya wiki ya kuganduka mama aliingia chumbani kwangu na CD ile mkononi, ameifunga kwenye kitambaa.

"Radio imekufa," akasema. "Iweke kwenye ordinateri yako. Jumamosi nataka watu wamusikie hapa uani."

"Watu wote wanamkumbuka, mama. Kwa nini wamsikie?"

Alikaa kitandani. Mama hapendi maswali yangu lakini hujibu, jambo ambalo wachungaji na walimu wengi hawakunifanyia.

"Watu, ndiyo. Mi niko nasahau. Sura yake naiona kwenye picha kila siku. Sauti, mama, naitafuta asubuhi, haiko."

Hapa kwetu mama humwita binti yake mama, na neno hilo huwa limenipita mara nyingi bila kulisikia. Siku ile nililisikia. Nikaipokea CD kwa mikono miwili.

Baba alikuwa na kazi ya mshahara ofisini, lakini watu walimjua kwa kazi nyingine. Alikuwa msemaji. Familia ikitaka kupeleka mahari au kuyapokea, ilimwomba asimame aseme kwa niaba yake, kwa Kirundi kilichonyooka, chenye kutaja ng'ombe wengi kuliko walioko Bujumbura nzima. CD ile ilitoka kwenye sherehe ya mahari ya watu wa Kinanira. Mpiga video alimtolea baba sauti yake peke yake kwenye CD kama zawadi, kisha akahamia nje ya nchi na mafaili yake. Hakukuwa na nakala nyingine.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, na haina mahali pa kuingizia CD. Niliiwekea mfumo wa Linux nilipokuwa chuoni, baada ya virusi kula kumbukumbu ya masomo yangu, na tangu hapo kaka huita mashine hiyo "dini yako mpya". Niliazima kisomeo cha CD cha nje kwa rafiki yangu anayefanya kazi Kigobe, kile cha kuunganisha kwa waya, nikaweka programu ya kunakili CD, nikakaa mezani sebuleni. Mama alivuta kiti chake karibu. Kaka, ambaye Jumamosi angesimama kusema kwa niaba ya familia kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa akizungukazunguka akinong'ona maneno yake.

Programu ilisema hakuna CD.

"Lakini iko ndani," mama akasema. "Nimeiona ikiingia."

Ilikuwa ndani, na ilikuwa ikizunguka. Kwenye Linux, mtumiaji anaweza kuwa na mashine na bado asiruhusiwe kugusa sehemu yake fulani. Nilitazama ruhusa na kukuta kwamba jina langu halikuwamo katika kundi la wanaoruhusiwa kutumia kisomeo. Nikaliingiza, nikatoka kwenye akaunti yangu, nikaingia upya.

"Kwa hiyo ulijikataza mwenyewe," kaka akasema.

"Nilikatazwa na waliotengeneza."

"Na we uliwaacha? Leo wamemshinda juge d'instruction."

Hakimu wa upelelezi: hilo ndilo jina langu nyumbani nikiuliza sana. Wakati huo CD ilikuwa imeonekana: wimbo mmoja mrefu, usio na jina. Lakini programu iliganda. Nilipochunguza nikagundua kwamba ilikuwa ikitafuta kwenye intaneti jina la albamu na la mwimbaji. Nilimwona baba akitafutwa katika orodha ya waimbaji wa dunia, na intaneti yetu ya jioni ikijikokota kumtafuta. Nikazima utafutaji huo. Nikabonyeza kuanza.

Ilinakili kidogo, ikakwama. Ikarudia pale pale, tena na tena, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kusoma.

Sikuamini. Siamini jibu la kwanza la mashine kama nisivyoamini jibu la kwanza la mtu. Labda kisomeo hakipati umeme wa kutosha, nikakiunganisha na tundu la pili. Ikakwama. Labda programu ni mbovu, nikajaribu nyingine, ile isiyo na madirisha, ya kuandika amri tu. Ikakwama mbele kidogo. Labda kisomeo chenyewe ni kibovu. Nilichukua CD ya kwaya kutoka kabatini, nikaiingiza, na ikanakiliwa yote bila kelele kabla chai yangu haijapoa. Hapo nilikosa pa kukimbilia. Programu ilikuwa nzima, kisomeo kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa CD ya baba.

Nilimwambia mama kwamba bado naangalia. Alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu.

"Sema tu," akasema.

"Bado naangalia, mama. Kweli."

Nikairudisha, na safari hii sikutazama kioo cha kompyuta. Nilisikiliza. Kisomeo kilianza polepole, kikaongeza mwendo, kisha kikaanza kuunguruma na kutetemeka mpaka kijiko kikagongagonga ndani ya kikombe changu.

"Inalia kama moulin ya kusaga mihogo," mama akasema.

CD ya kwaya haikulia hivyo. Niliitoa ya baba, nikaingiza kidole kwenye tundu na kuizungusha. Iliposimama, uso wa baba ulikuja chini. Niliizungusha tena, ukaja chini tena. Karatasi ilikuwa upande mmoja, na gundi ilikuwa imekauka nene huko huko. CD ilikuwa na uzito wa kuelemea, na kadiri ilivyozungushwa kwa kasi ndivyo ilivyoyumba.

"Ni picha," nikasema. "Picha inaiyumbisha."

Nilisema mapema mno. Kaka alifurahi kwamba hatimaye kuna kazi ya mikono. Alikwenda jikoni akarudi na birika la maji ya moto na kitambaa.

"Lete. Mvuke kidogo, karatasi inatoka. Nilitoa tembre zilizobandikwa kwenye barua hivi utoto wangu wote."

"Apana. Ngoja."

"Tunangoja nini? Si umesema ni picha?"

"Ngoja kwanza."

"Mama, unamuona huyu? Analeta jibu, tukilifuata analikataa."

Mama naye alikuwa ameshanyoosha mkono. Alitaka picha itoke salama, maana ile ilikuwa picha aliyoipenda, na alitaka sauti itoke salama, na njia ya kaka ilionekana kumpa vyote viwili. Nilikumbuka jambo nililolisoma zamani, kwamba katika CD za kuchomwa nyumbani utando ule wa fedha wenye sauti haukai katikati ya plastiki kama watu wanavyodhani. Uko juu, upande wa picha, na kinachoufunika ni rangi nyembamba tu. Lakini nililisoma tu. Nani aliniambia kwamba ni kweli?

Kabatini kulikuwa na CD nzee isiyofunguka tena. Nikabandika kipande cha utepe wa gundi upande wake wa juu, nikaukandamiza kwa ukucha, nikauvuta. Ulitoka na fedha yote iliyokuwa chini yake. Niliishika CD mbele ya dirisha. Pale palipokuwa na utepe tuliona ukuta wa jirani na nguo zake zilizoanikwa.

Kaka aliweka birika chini, mbali na meza, kwa uangalifu kama limejaa nyuki.

"Kwa hiyo nimemubandika juu ya maneno yake," mama akasema.

"Umemlinda, mama. Ukimwacha hapo hapo yuko salama. Tusimguse."

"Na atasema namna gani?"

Kama shida ilikuwa kasi, dawa ilikuwa kupunguza kasi. Lilikuwa wazo jepesi hata likanitia mashaka. Niliandika amri ya kukiambia kisomeo kizunguke polepole kabisa. Programu ilipoanza, ilikiamuru kikimbie tena, na kijiko kikagonga kikombe. Nikasimamisha kila kitu, nikatafuta katika maelezo ya ile programu ya amri, nikaona kwamba mwendo unaweza kuandikwa ndani ya amri yenyewe. Nikaandika mwendo mdogo kuliko yote. Nikabonyeza.

Kisomeo kilinong'ona. Kijiko kilitulia.

Kisha courant ikaenda. Feni ya jirani ilisimama, na taa yetu ikazimika, ingawa bado kulikuwa na mwanga wa dirisha. Kompyuta ilibaki na betri yake iliyochakaa, na kisomeo kikinywa humo humo. Nilipunguza mwanga wa kioo mpaka sikuona karibu kitu. Nilizima kila kilichozimika. Kaka aliacha kunong'ona hotuba yake na kusimama nyuma yangu. Mwanzoni nilidhani ananitafutia kosa, kumbe alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono yote miwili.

Ilipita pale ilipokuwa ikikwama. Ikapita pengine. Mahali fulani ilirudia kusoma, ikasita, kisha ikaendelea. Ilipofika mwisho betri ilikuwa bado na punje za chaji. Nilinakili faili kwenye flashi ya kaka na kwenye simu yangu kabla ya kupumua.

"Weka," mama akasema.

Niliifungua kwenye simu. Hakukuwa na sauti ya baba. Kulikuwa na mvumo, mikwaruzo, kitu kama kugongana kwa chuma, tena mvumo. Nikasogeza sikio. Mikwaruzo tu. Nilifikiri programu ilijaza takataka pale iliposhindwa kusoma, maana zipo zinazofanya hivyo, zinakupa faili kamili lisilo na kitu. Nilinyoosha kidole kuizima.

Mama akanishika mkono. Alikuwa anacheka, kwa sauti ya chini, mabega yakitikisika.

"Wacha. Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Vinywaji. Unasikia chupa zile? Baba yako hakufungua kinywa mbele watu hawajapata kinywaji. Hata mutu mumoja akiwa bado, yeye anasimama tu. Waliomwalika walikuwa wanatoka jasho."

Nilisikiliza upya. Kugongana kwa chuma kulikuwa vizibo vikitupwa kwenye sinia. Mikwaruzo ilikuwa viti vikivutwa kwenye saruji. Mtu alikohoa. Kelele zikapungua taratibu, mpaka zikaisha, na baba bado hakusema. Alikaa na ukimya ule kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza mimi kukaa na kitu chochote. Kisha akavuta pumzi na kuwaamkia watu, "Amahoro," na mama akaacha kucheka.

Tulimsikiliza mpaka mwisho, sebuleni, giza likiingia. Mama alifumba macho na midomo yake ilimfuata, si maneno yote, yale ya mwisho wa kila sentensi. Kaka alisema tu, "Kumbe anaenda polepole hivi," na kesho yake nilimkuta akifuta nusu ya hotuba yake.

Jumamosi uani walikaa watu wengi kuliko viti. Chupa na soda ziligawiwa. Kaka alisimama, na badala ya kuanza akangoja. Shangazi alinigusa kwa kiwiko akiuliza kama amesahau. Nikamwambia apana, kuna mzee mmoja kule nyuma bado hajapata soda. Alipopata, kaka akanipa ishara nami nikabonyeza.

Kwenye spika, chupa za Kinanira ziligongana, viti vikavutwa, watu wakaanza kutazamana, wengine wakiitazama spika kwa huruma. Sikugusa kitu. Kisha baba akasema, "Amahoro," na wazee wa mbele, kabla hawajafikiri, wakamjibu, "Amahoro," wote pamoja, kama walivyomjibu miaka yote.

Mmoja wao alijishika mdomo. Mama alikuwa mlangoni, CD mkononi katika kitambaa chake, akitikisa kichwa taratibu. Nilikuwa na swali moja lililobaki, kuhusu huzuni na tarehe zake, na nililiacha likae.