Siku Niliyosafisha Kichwa Kimoja cha Betri

Aibu zangu nimezihesabu mara mbili na hii ndiyo inayotangulia zote, kwa sababu zile nyingine nilizipata mbele ya watu nisiowajua, na hii niliipata mbele ya wakwe, na wakwe huwezi kuwahama. Naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa ndugu yangu, maana yeye huongeza chumvi, na hii haihitaji.

Ilikuwa miaka ya tisini, na ndugu yangu mdogo, Wafula, alikuwa anamwoa Wanjiru wa kule Umoja, Nairobi. Baba yetu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mimi kama kaka mkubwa nikawa mzazi wa bwana harusi, msemaji wa upande wetu na dereva wa bibi harusi, kazi tatu mtu mmoja (wazo la kukodi gari nililikataa mwenyewe, kwa nini tukodi na nina langu, jeupe, au lilikuwa jeupe siku niliyolinunua). Shida ilikuwa Mzee Kamau, baba ya Wanjiru. Alikuwa ametukubali kama mtu anayekubali sindano. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya alituona ni maneno mengi na kuchelewa, na wiki ile ya mwisho aliniita kando akaniambia kwa upole, ule upole ulio mbaya kuliko ukali, "Mchungaji ametupa saa nne. Saa nne na nusu anafungisha wengine. Ikipita hapo, mimi nitajua Mungu amesema, na msichana wangu atarudi nyumbani na mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ijumaa gari likaanza kukataa kuwaka. Nikafungua boneti nikakuta vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, vimeota unga wa kijani na mweupe kama mkate uliosahauliwa kabatini. Nikalipeleka kwa Ochieng, makanika wetu pale Kariobangi, akaangalia kidogo tu.

"Betri ni nzima," akasema. "Ni huu uchafu unazuia moto kupita. Nifungue, nikwangue, nioshe, nipake grisi, uende kwa harusi yako."

Akataja bei. Sasa mimi nauza viatu vya mitumba soko la Gikomba, na kwangu bei ya kwanza ni salamu. Nikacheka, nikaondoka hatua tatu (ya nne huwa ni ya kweli), nikarudi, tukavutana mpaka akashuka nusu.

"Sawa," akasema akichukua spana. "Nusu ni kichwa kimoja. Chagua."

Na mimi, mtu mzima, nikachagua. Nikachagua kile chenye alama ya kujumlisha, kwa sababu kutoa sijawahi kupenda. Kile kingine nikakipaka grisi mwenyewe juu ya uchafu wake, vikafanana kama mapacha, nikawasha gari likaitika, nikaenda nyumbani nikihesabu nilichookoa. Nilikihesabu mara mbili. Betri yenyewe, yenye vichwa viwili tu, ndiyo sikuihesabu.

Jumamosi saa mbili na nusu tukafika kwa kina Wanjiru. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ploti, unaingia kwa njia nyembamba kati ya kuta mbili, upana wa gari na viganja viwili, halafu unatokea uani. Nikaingia, nikageuza gari likaangalia kutokea, nikazima injini ili nisichome petroli bure. Wafula alikuwa ameshatangulia kanisani na msimamizi wake.

Wanaowajua watu wa mkoa wa kati, watu wa kina Wanjiru, wanajua kwamba bibi harusi hachukuliwi hivi hivi. Shangazi zake wanafunga mlango, mnaimba nje, wao wanaimba ndani, na mlango haufunguki mpaka mkubaliane. Mkubwa wao alikuwa Tata Njoki (tata kwao ni shangazi), mama wa miaka sitini hivi, mjane wa dereva wa lori, mwenye sauti ya kupita ukuta. Akadai kreti nne za soda na leso kwa kila shangazi. Mtu mwenye akili angetoa akaangalia saa. Lakini nilikuwa nimeamka vizuri, na nyuma yangu walikuwa watu wetu wakinishangilia, nikamwambia kwamba shangazi nimewahesabu na mmoja nimemwona akipita dirishani mara mbili na kofia tofauti. Ndani wakacheka. Nikabishana hivyo dakika hamsini, kreti zikawa moja na leso zikawa tatu, mlango ukafunguka, na Tata Njoki akaniambia, "Wewe ukienda mbinguni utaomba wapunguze malango."

Wanjiru akatoka, mzuri kweli kweli, akaketi nyuma pamoja na msimamizi wake, gauni likajaza kiti chote. Saa tatu na dakika ishirini na tano. Nikapiga stata.

Tik.

Nikapiga tena. Tik. Nikatabasamu kwenye kioo (Wanjiru hakutabasamu). Wanaume wanne wa kwaya yetu, kwenye suti za kukodi, wakaanza kusukuma, na shangazi mmoja akatangaza kwamba bibi harusi akishaketi hashuki, ni nuksi, basi akasukumwa pamoja na gari. Gari likaingia kwenye ile njia nyembamba, likakohoa mara moja, likanyamaza katikati kabisa ya zile kuta, mbele kukiwa na kilima cha kupanda barabarani. Likakataa kwenda mbele, na kulirudisha uani pia ikashindikana, kwa sababu Mzee Kamau alikuwa tayari ameziba mdomo wa njia nyuma yetu na gari lake akidhani tumeondoka, na nyuma yake gari la wajomba.

Milango haikufunguka, ukuta huku, ukuta huku. Harusi nzima ilikuwa imezibwa kama chupa, na kizibo kilikuwa mimi.

Nikatoka kwa dirisha. Nilijivuta juu ya paa kwa tumbo, suruali ikararuka nyuma, si kidogo, kwaya ikaona, shangazi wakaona, na majirani waliokuwa madirishani juu wakaona kuliko wote. Nikiwa nimelala juu ya paa hivyo nikasikia sauti ya Tata Njoki kutoka uani.

"Msemaji, sasa ongea na gari."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Mzee Kamau hakucheka. Alishuka, akatazama saa yake, akanitazama, akairudia saa. Nilimwona Wanjiru kupitia kioo cha mbele, ameuma mdomo, machozi yakimlenga, na hapo kicheko changu mwenyewe kikaisha. Huko kanisani ndugu yangu alikuwa amesimama akitazama mlango, na simu ya kumwambia chochote hakuna.

Nikashukia boneti, nikafungua, na kile kichwa cha pili kikanitazama kwa grisi yake.

"Ni vichwa?" Tata akauliza.

"Kimoja," nikasema.

"Kimoja kwa nini?"

Nadhani alijijibu mwenyewe, kwa sababu aligeuka akaingia jikoni. Sasa wiki ile mifereji ya Umoja ilikuwa imekauka siku nne, na kwa jiko kulikuwa na birika moja kubwa la maji ya moto, ya chai ya wageni wote, na hakukuwa na mengine. Akaja nalo. Akaja pia na kipande cha magadi, yale wanayotia kwa maharagwe yaive haraka, na waya wa kusugulia sufuria. Akavipitisha vyote juu ya paa la gari, mkono kwa mkono.

"Saga uchanganye. Mwaga polepole kwa uchafu, usiache iingie kwa vifuniko. Ikishachemka, sugua. Marehemu alikuwa anafanya hivyo kila mwezi."

Nikiwa na birika mkononi, mazoea yakanishinda. Nikasema, "Tata, maji haya nitakulipa, wewe sema tu."

"Nikikuuzia," akasema, "nitakuwa nimemuuza mtoto wetu mara mbili. Mwaga maji."

Nikamwaga. Ule uchafu ukachemka povu kama maziwa, nikafungua kwa spana, nikasugua mpaka madini ya risasi chini yake yakang'aa, nikafunga, nikarudi juu ya paa kwa tumbo (wale wa madirishani walikuwa wananisubiri), nikateremkia kiti, nikapiga stata. Likawaka mara ya kwanza.

Tulifika kanisani saa nne na dakika ishirini na mbili. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, na wale wengine walikuwa tayari wanashuka kwenye gari lao. Wafula alimwona Wanjiru akashika ukuta. Mimi nilisimama ibada yote nimegeuzia ukuta mgongo, na Mzee Kamau akaja akasimama karibu nami, akavua koti lake bila kuniangalia, akaniwekea mkononi.

"Funga kiunoni," akasema. "Wewe ni mtu wetu sasa, aibu yako ni yetu."

Wageni hawakunywa chai asubuhi ile. Hakuna aliyenidai, na nilingoja miaka mingi mtu adai, kwa sababu deni ninalijua namna ya kulimaliza. Wema ulinishinda. Nimejifunza polepole, na kwa umri wangu huu bado huniponyoka, lakini niliapa na nashikilia: kwenye soko nitabishana mpaka jua litue, ila mtu akininyooshea mkono wa msaada nitaupokea kwa mikono miwili, niseme asante, halafu nifunge mdomo.